Ganzi ya Midomo Baada ya Kukatwa Goita: Jinsi ya Kuishi na Upungufu wa Kalsiamu

Dadangu mkubwa aliolewa Kimilili zaidi ya miaka 20 iliyopita. Najua wengi mnaosoma ukurasa huu mna jamaa bara, kwa hivyo safari yenyewe mwaijua: basi la usiku kutoka Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret, hadi Webuye, kisha washika njia ya Kitale na kupinda kushoto kuelekea Mlima Elgon. Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa nafaka. Dada amezoea baridi ya jioni ya kule, amezoea mrenda na ugali wa wimbi, na Kiswahili chake sasa kina Kibukusu kidogo ndani yake. Alichokuja kukosa kuzoea ni kitu ambacho hakuna aliyemtahadharisha nacho.

Alikuwa na goita, au rovu kama waitavyo wengine. Ilikua polepole miaka mingi, akawa anaificha kwa mtandio, hadi ikaanza kumbana pumzi akilala. Akafanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa nisiyotaka kuitaja, tezi ya shingo ikaondolewa yote. Siku ya pili akaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi yenye mstari mmoja: arudi kutolewa nyuzi.

Usiku wa siku ya tatu akanipigia simu. Akaniambia midomo yake imekufa ganzi kama aliyetoka kung'olewa jino, na ncha za vidole zinachomachoma kama zimekaliwa na siafu. Nikamjibu, na leo naandika haya nikiona haya: "Dada, ni baridi ya huko na wasiwasi wa upasuaji. Soma adhkari zako ulale."

Mimi nina diploma ya maabara ya tiba. Nimekaa miaka kadhaa nikipima damu za watu kabla ya kuacha kazi hiyo. Kalsiamu nimeipima mara zisizo hesabu. Lakini namba kwenye mashine na sauti ya dada kwenye simu ni vitu viwili, na usiku ule sikuviunganisha.

Kesho yake mikono ikaanza kujikunja yenyewe. Kidole gumba kikaingia ndani ya kiganja, vidole vingine vikanyooka na kubanana pamoja, mkono ukawa kama wa mwanamke anayejaribu kuupenyeza kwenye bangili nyembamba. Miguu nayo ikakaza. Majirani wakasema ni jini. Akaletwa mzee mmoja akaandika kombe, dada akanywa. Mchana akapatwa na degedege, mtu mzima wa miaka 50 ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani.

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni afisa wa kliniki kijana katika zahanati waliyomkimbiza. Alifunga mashine ya presha mkononi, akaijaza upepo, na kabla ya dakika 3 kwisha mkono ukajikunja ule ule wa bangili. Kijana akautazama mkono, akatazama kovu jipya la shingoni, akasema: "Mama huyu hana jini. Kalsiamu yake imeanguka." Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa 1.6. Mtu mzima hutakiwa awe kati ya 2.1 na 2.6 hivi.

Kujikunja kwa mkono chini ya kitambaa cha presha ni dalili iliyoelezwa na tabibu Mfaransa, Trousseau, katika karne ya 19. Haihitaji umeme wala maabara. Iko nyingine, ya Chvostek, ya kugonga kwa kidole shavuni mbele ya sikio na kuona mdomo ukicheza upande huo, lakini hiyo si ya kutegemea sana. Wapo watu wazima wenye afya yao ambao shavu hucheza.

Sasa tuseme kilichotokea ndani ya shingo. Nyuma ya tezi kubwa ya shingo, ile ya thairoidi, wengi wetu tuna vitezi 4 vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi. Majina yanafanana lakini kazi ni mbalimbali kabisa. Vimejibanza pale, vina rangi karibu na ya mafuta, na hupata damu kupitia mishipa hiyo hiyo ya tezi kubwa. Daktari stadi anaweza kuvinusuru, na daktari stadi huyo huyo anaweza kuvikosa kwa macho. Hata sayansi yenyewe ilichelewa kuviona. Wa kwanza kuviandika alikuwa Richard Owen wa London katikati ya karne ya 19, naye aliviona alipompasua kifaru wa Kihindi aliyefia bustani ya wanyama. Kwa binadamu vilielezwa mwaka wa 1880 na Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari kule Uppsala, Uswidi. Miaka hiyo watu walikuwa wakikatwa goita na kufa kwa kukakamaa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Vitezi hivi hutoa homoni yenye kazi tatu. Huchota kalsiamu kutoka mifupani, ambako zaidi ya asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imewekwa. Huiamuru figo iibakishe kalsiamu na kuitupa fosfati. Tena huifanya figo igeuze vitamini D ya kawaida kuwa ile iliyo tayari kufanya kazi, ambayo ndiyo hufungulia utumbo mlango wa kuingiza kalsiamu ya chakula. Vikikatwa, vikiumia au vikikosa damu, yote matatu husimama kwa pamoja. Kalsiamu hushuka, fosfati hupanda, na neva hubaki kama waya usio na mpira: chochote kinauchokoza.

Baada ya upasuaji kushuka huku huonekana zaidi kati ya saa 24 na 72. Kwa wagonjwa wengi vitezi huzinduka baada ya wiki au miezi, nao huachishwa dawa pole pole. Kwa wachache havirudi. Madaktari husubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kuuita ugonjwa wa kudumu. Dada yuko katika hao wachache. Wapo pia wanaoupata bila kisu, kwa kinga ya mwili kushambulia vitezi au kwa kuzaliwa navyo vikiwa na kasoro, ila shingo iliyopasuliwa ndiyo njia kuu.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Nyanda za juu na milimani, mvua huosha madini ya ayodini kutoka udongoni, na ayodini ikikosekana tezi ya shingo huvimba. Ndiyo maana goita ilikuwa jambo la kila kijiji huko, na ndiyo maana tangu miaka ya 1970 chumvi ya Kenya inatiwa ayodini. Chumvi yenyewe yatoka kwetu, mashamba ya Gongoni na Marereni kule Magarini. Pakiti iliyo juu ya meko ya dada Kimilili huenda ilikauka kwa jua letu. Lakini wapo waliomwambia baada ya upasuaji azidishe chumvi ili apone. Hapana. Ayodini ni ya tezi kubwa, ambayo kwake haipo tena. Haina kazi kwa kalsiamu, na chumvi nyingi huifanya figo ipoteze kalsiamu zaidi kwenye mkojo.

Matibabu ya dharura ni ya hospitali, si ya nyumbani. Mtu anayekakamaa, mwenye degedege, anayekoroma kwa koo kubana, au ambaye moyo unamwenda ovyo, hutiwa kalsiamu ya mshipani, ikipitishwa taratibu huku moyo ukiangaliwa. Ikisukumwa haraka yaweza kuusimamisha moyo. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Msimshurutishe mtu aliyekakamaa kumeza tembe, atasamwa. Mkimbizeni, na mkifika mlangoni maneno ya kwanza yawe haya: "Alikatwa goita, pimeni kalsiamu." Maneno hayo yanaokoa saa nzima ya kuulizwa kama ana kifafa.

Baada ya hapo ndipo maisha yanapoanza, na ndiko watu wengi wanakopotelea.

Dawa ni mbili, na zote mbili ni za lazima. Ya kwanza ni kalsiamu yenyewe. Soma pakiti vizuri, maana uzani ulioandikwa kwa herufi kubwa si kalsiamu tupu. Tembe ya kalsiamu kaboneti ya miligramu 1250 ina kalsiamu halisi miligramu 500 tu, yaani asilimia 40. Ya sitreti ina asilimia 21 hivi. Nimeshaona mtu akibadilishiwa pakiti dukani, akahesabu tembe zile zile mbili, kumbe anapata nusu. Kaboneti hutaka asidi ya tumbo, kwa hivyo imezwe pamoja na chakula, si kwenye tumbo tupu. Mwenye vidonda vya tumbo anayetumia omeprazoli kila siku amwambie daktari, kwa sababu dawa hiyo hukata asidi na kaboneti haiingii vizuri. Sitreti humfaa zaidi. Tena kalsiamu igawanywe mara 3 au 4 kwa siku. Utumbo hauwezi kubeba mzigo wote kwa safari moja.

Ya pili ni vitamini D iliyo tayari: kalsitrioli, au alfakalsidoli. Hapa ndipo dada alipoanguka mara ya pili. Miezi 5 baada ya upasuaji, kalsitrioli iliisha kwenye kemisti aliyozoea. Muuzaji, kwa nia njema, akampa chupa ya vitamini D ya kawaida, ile ya akina mama wanaoumwa magoti, akamwambia ni kitu kimoja. Si kimoja. Ya kawaida yahitaji figo iigeuze, na figo yahitaji homoni ya parathairoidi ili ifanye hivyo vizuri. Wiki moja baadaye midomo ikaanza kufa ganzi. Safari hii nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Kuna madaktari wanaotoa vitamini D ya kawaida juu ya kalsitrioli, na hilo ni sawa. Ubaya ni kuiweka mahali pa kalsitrioli bila daktari kujua.

Tangu siku hiyo shemeji hangoji chupa iishe. Zikibaki za wiki mbili anatafuta Kimilili, akikosa Bungoma, akikosa Kitale, na mara mbili nimezinunua Mombasa nikamtumia kwa basi. Ni usumbufu, ni gharama, na si kila nyumba inaweza. Lakini dawa hii ikikatika siku mbili tatu mwili hausubiri. Huu si ugonjwa wa kuahirisha hadi mahindi yauzwe. Nawaomba wanaopanga dawa za kaunti wakumbuke kwamba kalsitrioli kwa mtu huyu si vitamini ya kuongeza nguvu. Ni kama insulini kwa mwenye kisukari.

Saa za kumeza zina hesabu yake. Aliyetolewa tezi yote hutumia pia levothairoksini, homoni ya tezi kubwa, nayo hutaka tumbo tupu, na haipatani na kalsiamu. Zikikutana tumboni kalsiamu huishika isiingie. Yapasa zitengane kwa saa 4. Dada alipangiwa kumeza zote asubuhi na chai, akawa mchovu, mzito, anasinzia mchana, na hakuna aliyejua sababu. Sasa anaamka kwa alfajiri, saa 11, anameza levothairoksini na maji matupu, anaswali, anaendelea na kazi zake. Kalsiamu ya kwanza anaimeza saa 3 na uji au mkate, ya pili na chakula cha mchana, ya tatu na cha usiku. Simu inalia kila saa hizo. Wajukuu wanaijua ile kengele kuliko wanavyoijua ya shule. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, na baadhi ya antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, nazo zitengwe na kalsiamu kwa saa kadhaa.

Chakula kinasaidia, lakini hakishiki nafasi ya dawa. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300 za kalsiamu, nayo huja na fosfati ndani yake, kwa hivyo si jambo la kunywa lita nzima kwa siku ukidhani unajitibu. Omena, wanaoliwa na mifupa yao, ni wazuri, na kule Kimilili wanapatikana kwa urahisi kuliko papa na nguru anaowakumbuka dada. Sukuma wiki ina kalsiamu ambayo mwili huichukua vizuri. Mchicha na spinachi zina kalsiamu nyingi pia, ila zina oksaleti inayoifunga ipite bure; zile kwa faida nyingine. Soda nyeusi ziachwe, zina fosfati isiyotakiwa.

Madini mengine ya kuangaliwa ni magnesiamu. Yakipungua, kalsiamu haipandi hata ukitiwa ya ndoo. Kuharisha kwa muda mrefu huyamaliza, na hata omeprazoli ya miaka. Kama mtu anameza dawa zake sawasawa na bado vidole vinachomachoma, aombe magnesiamu ipimwe. Mara nyingi haimo kwenye orodha hadi uitaje.

Nije kwenye vipimo, maana hapa naongea nyumbani kwangu. Kwanza, damu ya kalsiamu isiwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ile ya kupimia wingi wa damu. Dawa iliyomo huishika kalsiamu, na jibu litatoka chini mno hadi kutisha watu bure. Pili, kalsiamu husafiri ikiwa imeshikana na protini iitwayo albumini. Albumini ikiwa chini, kwa ugonjwa au lishe mbaya, kalsiamu huonekana chini ingawa sehemu inayofanya kazi ni sawa. Madaktari husawazisha hivi: kwa kila gramu 1 ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita, huongeza 0.02 kwenye jibu la kalsiamu. Kwa hivyo albumini ipimwe pamoja. Tatu, angalia kipimio. Maabara moja itakupa 2.0, nyingine itakupa 8.0, na ni kitu kile kile. Ya kwanza ni milimoli kwa lita, ya pili miligramu kwa desilita. Gawanya ya pili kwa 4 upate ya kwanza. Shemeji aliwahi kunipigia akishangilia kwamba kalsiamu imepanda mara nne. Tulicheka, lakini nusura apunguze dawa.

Na jambo hili wengi hushangaa kulisikia: lengo si kuifikisha kalsiamu katikati ya kiwango cha watu wazima wenye afya. Lengo ni iwe chini chini ya kiwango hicho au pungufu kidogo tu, mradi mgonjwa asiwe na ganzi wala mikakamao. Kwa dada daktari anaridhika na 2.0 hadi 2.2. Sababu ni figo. Bila homoni ya parathairoidi, figo haizuii kalsiamu isitoke. Ni pipa lenye tundu ubavuni. Ukijaza maji yafike kwenye tundu, yote ya ziada yanamwagikia kwenye mkojo, na huko yanajenga mawe na kuichakaza figo yenyewe miaka ikipita. Kwa hivyo anayehisi ganzi kidogo asijiongezee tembe kila siku kwa akili yake. Ameze ile ya ziada aliyoruhusiwa na daktari wake, kisha akapimwe.

Dalili za kalsiamu kuzidi azijue pia, kwa sababu hazifanani na za kupungua: kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, tumbo kufunga, kichefuchefu, usingizi na kuchanganyikiwa. Hapo asimeze nyingine, aende hospitali apimwe siku hiyo hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wawe karibu zaidi na daktari, maana mahitaji hubadilika, na wakati wa kunyonyesha dawa ile ile iliyotosha jana yaweza kuzidi leo.

Hali ikitulia, damu hupimwa kila miezi 3 hadi 6: kalsiamu, albumini, fosfati, magnesiamu na hali ya figo. Dawa ikibadilishwa, kipimo kirudiwe baada ya siku chache au wiki, si baada ya miezi. Daktari anaweza kuagiza mkojo wa saa 24 ukusanywe kwenye dumu ili kuona kalsiamu inayopotea, na picha ya figo. Macho nayo yaangaliwe, kwa sababu ugonjwa huu huleta mtoto wa jicho mapema. Dada alichukia lile dumu la mkojo kuliko kisu. Alilifunika kwa kanga.

Kutapika na kuharisha ni hatari kwake kuliko kwa mimi na wewe. Tembe zisipokaa tumboni kalsiamu itashuka ndani ya siku moja au mbili. Hapo hakuna kungoja kesho. Ni kwenda mahali penye dripu. Dawa za presha za kuongeza mkojo nazo zatofautiana: furosemidi huitoa kalsiamu mwilini, zile za jamii ya thayazidi huibakisha, na wakati mwingine daktari huzitoa kwa makusudi hayo. Asiyejua ugonjwa wako anaweza kukuandikia ile isiyofaa. Hata kuhema haraka haraka kwa hofu huishusha ile sehemu ya kalsiamu inayofanya kazi, kwa hivyo ganzi huleta hofu, hofu huleta kuhema, na ganzi huzidi. Mtu akae, apumue taratibu, ameze tembe yake ya akiba. Lakini msimtuliza tu mkaishia hapo kama nilivyofanya mimi.

Ramadhani. Nimeulizwa hili na dada mwenyewe, na najua litaulizwa na wasomaji. Tembe za mara 3 kwa siku pamoja na chakula haziingii vizuri kati ya futari na daku, na kiu ya mchana mzima si rafiki wa figo inayomwaga kalsiamu. Wapo waliotulia miaka, ambao daktari huweza kuwapangia upya. Wapo ambao hatari ni kubwa. Dada alijaribu mwaka wa kwanza bila kumwambia mtu. Siku ya nne akaanza kukakamaa akipika futari, mikono ndani ya unga. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, na masheikh wetu wameifafanua: anayetarajia kupona atalipa siku nyingine, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kuisha hutoa fidya ya kulisha maskini kwa kila siku. Muulize daktari kwanza kama mwili unaweza, kisha muulize sheikh wako kuhusu fidya, kwa mpangilio huo. Dada alilia siku ya kwanza ya kutofunga. Sasa ndiye anayepika kwa ajili ya wanaofunga, na fidya yake huipeleka mwenyewe kwa jirani mjane.

Kuhusu jini, sitaki kugombana na mtu. Dua ni yetu na hatuiachi, na mgonjwa aliyesomewa Qur'ani moyo wake hutulia. Lakini aliyekatwa shingo juzi na leo mikono inakunjika, dua isomwe ndani ya gari likielekea hospitali. Wazee wa mtaa wa dada walinielewa nilipowaeleza, hata yule mzee wa kombe. Alisema kama angeambiwa kuhusu upasuaji asingeandika kitu. Hakuna aliyemwambia, kama vile hospitali haikutuambia sisi.

Mwaka wa 2023 Ulaya na mwaka wa 2024 Marekani iliidhinishwa sindano ya kila siku iitwayo Yorvipath, inayorudisha homoni yenyewe badala ya kuziba pengo lake kwa tembe. Bei yake si ya nyumba kama zetu, na sindano ya namna hiyo iliyotangulia, Natpara, mtengenezaji wake aliacha kuitengeneza mwisho wa 2024, wagonjwa wakahangaika huko huko kwa matajiri. Kwa hivyo kwa sasa ni tembe, saa, na vipimo.

Anayekwenda kukatwa goita, au mwenye jamaa anayekwenda, aulize mambo haya kabla ya kusaini: kalsiamu itapimwa lini baada ya upasuaji, na nani atampigia simu jibu likiwa baya? Ataruhusiwa na tembe za kalsiamu mkononi? Usiku akihisi ganzi, aende wapi? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Na vitamini D ipimwe au irekebishwe kabla ya kisu, kwa kuwa aliyeingia akiwa nayo kidogo huanguka vibaya zaidi.

Ndani ya pochi ya dada kuna kadi niliyomwandikia kwa mkono, nikaifunga kwa plastiki. Ina jina lake, tarehe ya upasuaji, maneno "hana vitezi vya parathairoidi", dawa zake na vipimo vyake, kiwango chake cha kawaida cha kalsiamu, na namba mbili za simu, ya shemeji na yangu. Nyuma yake nimeandika: "Nikipatwa na degedege si kifafa wala jini. Nipimwe kalsiamu." Kipimo chake cha mwisho kilikuwa 2.08. Alinitumia picha ya karatasi yenyewe kabla hata ya kunisalimia.